Waje, Nipo!

Kila Jumamosi asubuhi Mama Simu aliingia nyumba ya Rais kwa mlango wa jikoni, akavua viatu vyake vya njiani, akavaa vile vya kitambaa visivyokwaruza sakafu, kisha akamsalimia mtu ambaye hakuwepo.

"Umeamkaje, Bwana Chanjo?"

Akakaa kimya kidogo, kiasi cha mtu kujibu kwamba ameamka salama ila goti linamsumbua, halafu akaenda zake kufungua madirisha.

Sasa wewe usianze kumcheka. Akili za Mama Simu zilikuwa timamu kabisa, pengine kuliko zako na zangu. Alikuwa na sababu yake, na ukiijua huenda hicho kicheko kikakukauka mdomoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Wageni wengi walikuja wakitegemea jumba la kifalme, wakakuta nyumba ndefu ya chini, bati jekundu, sebule, chumba cha kazi, jiko, na ukumbi mwembamba unaokwenda moja kwa moja hadi chumba cha kulala. Rais, Mzee kama walivyomwita, alipong'atuka madarakani alirudi kufuga ng'ombe, basi. Nyuma ya nyumba ilikuwa ranchi yake: mazizi, josho, mabirika ya maji, na uzio uliokwenda mpaka macho yachoke. Alipofariki, familia ikaikabidhi nyumba kwa kamati iitunze, na kamati, kama kamati zote, ilikuwa na muhuri na haikuwa na kitu kingine. Kwa hiyo ikatangaza redioni kwamba inatafuta watu wa kujitolea.

Mwanzoni walimiminika. Kulikuwa na mafundi seremala, mafundi rangi, kina mama wa kufuta vumbi, vijana wa kunyoosha nguzo. Siku hizo ilikuwa raha, watu wanapiga soga huku wanapiga misumari. Lakini kazi ya kujitolea unaijua. Huyu akapata harusi ya binamu, yule magoti, mwingine mke akamuuliza Jumamosi zote anakwenda wapi. Wakayeyuka mmoja mmoja bila kuaga, mpaka wakabaki wawili: Mama Simu na Bwana Chanjo.

Na wawili ndio walikuwa mwisho, hapakuwa na kupungua tena. Zamani kidogo mgeni mmoja asiye na haya aliondoka na miwani ya Mzee, ile aliyokuwa akisomea magazeti, kwa sababu siku hiyo alikuwepo mtu mmoja tu wa zamu, naye hakuwa na macho kisogoni. Kamati ikakasirika, ikapitisha kanuni: nyumba haifunguliwi bila watu wawili, mmoja mlangoni, mmoja chumba cha mwisho. Wawili au kufuli, na kila mmoja na ufunguo wake wa mlango wa jikoni. Na ili kila mmoja ajue mwenzake yuko macho, wa mlangoni alitakiwa kupaza sauti, "Wanne wanakuja!" au idadi yoyote iliyoingia, na wa chumba cha mwisho amjibu, "Waje, nipo!" Wote waliowahi kujitolea pale waliijua. Wageni waliipenda kuliko hata kitanda cha Mzee.

Mama Simu alikaa mlangoni kwa sababu ya sauti yake. Ujana wake wote, na utu uzima wake wote, alikuwa mpokea simu wa ofisi kubwa mjini, amekaa mbele ya mtambo na vifaa vya kusikilizia masikioni, anaunganisha watu. "Subiri kidogo, nakuunganisha." Alizijua sauti za watu ambao hakuwahi kuwaona nyuso. Akisikia pumzi tu alijua huyu ni meneja na ameshakasirika, huyu ni mke wa mhasibu na anamtafuta mumewe asiyetaka kutafutwa. Namba zote alikuwa nazo kichwani. Kisha wakaleta mashine inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili, wakamfanyia hafla fupi, wakampa saa ya ukutani, akaenda nyumbani.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mume alishatangulia mbele za haki. Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo, alipiga simu za picha ambazo zilikatikakatika, na kila mara zilikwisha kwa, "Mama, ngoja, nitakupigia baadaye." Hiyo baadaye ilikuwa na miguu mizito. Saa ya ukutani ikawa ndiyo inayoongea peke yake mle ndani, na Mama Simu aliichukia, lakini alipoitoa betri kimya kikawa kibaya zaidi, akairudishia.

Na huyu Bwana Chanjo? Alikuwa msaidizi wa bwana mifugo, amechanja ng'ombe wa tarafa nzima, wakiwemo wa Mzee mwenyewe. Mjane, mwembamba, mpole, mwenye masihara ya chini kwa chini. Watu walitaniana kwamba ukimgeuzia mgongo vibaya atakudunga. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbao katika chumba cha mwisho, koti lake la kaki kwenye mgongo wa kiti, akiwaeleza wageni jinsi Mzee alivyokuwa akiogopa sindano kuliko ndama.

Mchana walikula pamoja kwenye ngazi za nyuma, wakitazama ng'ombe wachache waliobaki. Mama Simu alileta chupa ya chai na mkate, Bwana Chanjo mayai ya kuchemsha. Alimenya la Mama Simu kwanza, taratibu, bila kulichubua. La kwake alikula ule weupe tu, maana daktari alikuwa amemkataza kiini, basi kiini akakiweka kwenye kifuniko cha chupa na kukisogeza upande wa Mama Simu. Hakuna aliyemtamkia mwenzake chochote. Watu wazima wale, wamekula chumvi, waseme nini? Lakini Mama Simu aliyekuwa akiishi Jumapili mpaka Ijumaa kama mtu aliyebana pumzi, Jumamosi alipumua.

Basi Jumamosi moja Bwana Chanjo hakuja.

Mama Simu alifunga kufuli, akamngoja kwenye ngazi mpaka chai ikapoa. Jumamosi iliyofuata vilevile. Hapo ndipo alipotaka kumpigia simu, akashika simu mkononi, na akakumbuka kitu kilichomfanya akae chini. Hakuwa na namba yake. Yeye! Mwanamke aliyebeba namba za mji mzima kichwani! Mtu unayemwona kila Jumamosi unamchukulia namba ya nini? Unamchukulia namba mtu wa mbali. Wala yeye hakuwahi kumpa yake, wala kumwelekeza anapoishi.

Alijua tu kwamba Bwana Chanjo amepanga nyuma ya mashine ya kusaga. Akaenda, akauliza, akaonyeshwa mlango. Mama mwenye nyumba alitoka akiwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Yule mzee? Alianguka, dada yangu. Mdomo ulikwenda upande. Mwanawe akaja na gari, akamchukua."

"Akampeleka wapi?"

"Kwake, huko mbali anakofanya kazi. Sijui ni wapi."

"Hakuacha namba?"

"Ile haraka! Hata kitanda kakiacha. Wewe ni ndugu yake?"

"Tunafanya kazi pamoja," alisema Mama Simu, akageuka, na machozi yakamtoka njia nzima bila kuyafuta.

Sasa shika hapa, maana hapa ndipo penye mzigo. Angemwambia Katibu wa kamati kwamba Bwana Chanjo hayupo, Katibu angefunga nyumba siku hiyohiyo. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kanuni, asiyeyumba wala kuyumbishwa. Na nyumba ikifungwa, je, Bwana Chanjo akipona? Akipata nafuu akamwambia mwanawe amrudishe, atakuja wapi? Duniani alikuwa anajua mahali pamoja tu pa kumkuta Mama Simu, nayo ni pale mlangoni kwa Rais, siku ya Jumamosi. Akikuta kufuli, imekwisha. Watakuwa wamepotezana mpaka kiama.

Alijaribu kutafuta mtu wa pili. Alimwendea jirani. "Bure? Jumamosi yangu?" jirani akacheka, akadhani ni utani. Aliwauliza kina mama aliokuwa akisali nao, wakamwambia watamwombea. Alimwambia binti yake, naye akasema, "Mama, si upumzike tu nyumbani?" Hapo akafikiri amuulize nani tena, akahesabu watu aliokuwa nao duniani, na hesabu ikaisha mapema.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata akafungua nyumba peke yake. Koti la kaki lilikuwa bado kwenye mgongo wa kiti, pale Bwana Chanjo alipolisahau. Akalikung'uta, akaliweka vizuri, akarudi mlangoni. Wageni wakaja, baba na mama na watoto wao. Akajikaza, akapaza sauti ukumbini:

"Watano wanakuja!"

Kimya. Akauachia ule muda wa jibu, uleule aliouzoea, kisha akaitikia kwa kichwa. "Sawa! Nimekusikia!" Akawageukia wageni. "Mwenzangu sauti yake ndogo, koo linamsumbua. Karibuni, piteni nami."

Nao wakapita! Watu hawana habari, jamani. Walipofika chumba cha mwisho wakakuta kiti na koti.

"Lo, ameshatoka," Mama Simu alisema. "Mtu akipenda ng'ombe! Hatulii."

Ikawa ndiyo desturi. Akawa anaita, anangoja, anaitikia, anawapitisha mwenyewe huku jicho moja liko kwenye vitu vya Mzee na jingine kwenye mikono ya wageni, jioni miguu imevimba. Kulikuwa na Jumamosi bibi mmoja alisema ameisikia vizuri kabisa sauti ya yule baba, sauti nzuri, na Mama Simu akamkubalia, kisha akaenda kujifungia jikoni mpaka alipoweza kutoka. Mtoto mmoja naye alimbana vibaya. "Mbona mimi sijamsikia?" Mama Simu akamwambia wakubwa wanasikia mbali zaidi. Uongo wa mchana kweupe, na kwa mtoto wa watu!

Lakini yeye mwenyewe, polepole, akaanza kuongea naye hata wageni wasipokuwepo. Alimpasha habari za ng'ombe. Alimwambia bawaba za dirisha la mashariki zimekufa. Kila akimaliza sentensi alimwachia nafasi yake, maana alijua Bwana Chanjo ni mtu wa kujibu taratibu, na si adabu kumkatiza. Mchana alichemsha mayai mwenyewe. Kiini cha lile la pili hakuwa na wa kukisogeza upande wake, akakila kwa sababu kutupa chakula ni dhambi, na kilimkaba.

Miezi ikaenda hivyo.

Kisha ikaja Jumamosi ya mvua nyepesi. Gari moja likasimama, wakashuka mume na mke, vijana, wamekumbatiana chini ya mwavuli mmoja. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, futeni miguu." Mama Simu akasimama mahali pake, akashika fremu ya mlango.

"Wawili wanakuja!"

Na kutoka mwisho wa ukumbi sauti ya mwanamume ikajibu:

"Waje, nipo!"

Yale masikio yaliyokuwa yakitambua meneja kwa pumzi yake, siku hiyo hayakutambua kitu. Yalisikia yalichokuwa yakikitamani. Mama Simu aliwaacha wageni palepale na mwavuli wao, akaukimbia ukumbi, mwanamke wa umri ule, viatu vya kitambaa vikiteleza, mkono ukipapasa ukuta, akisema, "Umerudi! Umerudi, wewe!" mpaka akaingia chumbani.

Aliyekaa kwenye kiti, kando ya koti la kaki, alikuwa Katibu.

Mama Simu alishika ukingo wa kitanda cha Mzee, kitu kilichokatazwa kabisa, na Katibu hakumkataza. Katibu alikuwa amekuja na ukali wake wote, unaweza kuona ameupanga tangu nyumbani, lakini alikuwa ameusikia ule mwendo ukumbini na yale maneno, na sasa hakujua ukali huo aushike kwa mkono gani.

"Nilipitia jikoni," alisema. "Nilitaka kuona anayekaa hapa ni nani."

"Hakuna."

"Naona." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwanawe Bwana Chanjo alinipigia wiki hii, namba yangu kaipata ofisi ya kamati. Anasema baba yake ameshika ufunguo mkononi tangu siku aliyoanguka, hauachii. Kula nao, kulala nao. Wakimnyang'anya ili wamwogeshe, analia kama mtoto. Akaniuliza ni ufunguo wa wapi. Nikamwambia ni wa mlango wetu wa jikoni. Halafu nikajiuliza, kama mtu wa pili yuko kule na ufunguo, huku mnafungua wawili na nani?"

Mama Simu hakujitetea. Kanuni aliijua, miwani ya Mzee aliijua. "Anaongea?" aliuliza.

"Hapana. Maneno hayatoki. Anasikia, lakini hajibu."

"Atarudi?"

Katibu akatikisa kichwa. Huko ukumbini wale vijana walikuwa wamesimama, hawajui waje au waondoke.

"Mama Simu, nyumba lazima niifunge, mpaka tupate mwingine. Hilo unalijua."

"Najua, Mwalimu. Funga. Mimi nilikuwa namngoja tu." Sauti iliyoongea na mji mzima ikamkatika. "Sina namba yake. Ndiyo shida yangu yote. Sina namba yake, na yeye hana yangu."

Katibu akatoa simu mfukoni, akaitafuta namba ya mwanawe Bwana Chanjo, akaipiga mwenyewe, akampa.

"Nenda kaongee nje, humu mtandao mbovu. Leo tupo wawili." Akajiweka sawa kitini, akapaza sauti ya paredi kuelekea ukumbini. "Haya, njooni wanangu! Hiki ndicho kitanda."

Mama Simu alikaa kwenye ngazi za nyuma, chini ya ukingo wa bati, mvua ikidondoka mbele ya magoti yake. Ng'ombe walikuwa wamejikusanya kwenye kona ya uzio. Simu ikaita. Miaka yote alikuwa akiwaambia wengine wasubiri kidogo, na sasa alikuwa yeye anayesubiri.

"Halo?" Sauti ya mwanamume kijana.

"Halo, mwanangu. Mimi ni wa hapa kwa Rais. Tulikuwa tunafanya kazi na baba."

"Wewe ndiye Mama Simu?"

"Umenijuaje?"

"Kabla hajaugua, kila akinipigia alikuwa haishi kukutaja. Mimi nilidhani una namba yake, nikawa nashangaa hupigi. Haongei lakini, mama. Utaongea peke yako."

"Hainipi shida hiyo. Mwekee sikioni."

Kukawa na mkwaruzo, kisha pumzi. Aliitambua hapohapo, na safari hii masikio hayakumdanganya.

"Umeamkaje, Bwana Chanjo?" alisema.

Hakuna neno. Mama Simu akamwachia nafasi yake, ileile ya kila Jumamosi, ya mtu kusema ameamka salama ila goti. Kisha akaendelea, sauti yake imetulia. Akamwambia bawaba za mashariki zimekufa. Akamwambia yule ng'ombe mwenye doa amezaa jike. Akamwambia koti lake lipo, limekung'utwa, na kwamba viini vya mayai vinamkaba na yeye ndiye wa kulaumiwa. Kila baada ya sentensi alingoja, naye hakuharakisha wala hakuogopa kile kimya, maana miezi yote hiyo alikuwa hafanyi kitu kingine. Mtu mwingine yeyote angekata simu kwa huzuni.

Ndani ya nyumba alisikia Katibu akiwaeleza wageni habari za sindano, na akizikosea.

"Nyumba wanaifunga," alimwambia. "Usihangaike na ufunguo, lakini ukitaka kuushika, ushike. Mwanao atanielekeza njia." Akajifuta uso kwa ukingo wa aproni. Kisha akasimama, akanyooka kama anavyosimama mlangoni, akapaza sauti mpaka ng'ombe wakageuka:

"Mmoja anakuja!"

Pumzi ikabaki palepale, nzito. Akangoja. Akangoja kupita ule muda wa kawaida. Kisha kule mbali kitu cha chuma kikagonga simu, mara moja, kwa shida.

"Sawa," alisema Mama Simu. "Nimekusikia."